Gia inakataa kuingia? Kagua fimbo na nyaya kabla ya kufungua giaboksi

Gari likianza kusumbua gia, maneno ya kwanza anayosikia mwenye gari ni haya: "Giaboksi imekufa." Baada ya hapo giaboksi inashushwa, inafunguliwa, vipuri vinatafutwa Mwanza au Kahama, na gari linalala gereji wiki nzima. Mara nyingine ni kweli, giaboksi imechoka. Lakini mara nyingi ubaya hauko ndani ya giaboksi kabisa. Uko njiani, kati ya mkono wa dereva na giaboksi: bushi iliyolika, nati iliyolegea, au waya ulioacha kufika pale unapotakiwa kufika.

Makala hii inaeleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi, jinsi ya kujua kama tatizo liko hapo, na jinsi inavyorekebishwa. Hata kama hushiki spana wewe mwenyewe, utajua cha kumuuliza fundi.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu

Wilaya ya Ngara ni vilima na mabonde. Barabara ya kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi mpakani Rusumo ina kilomita 92, na mwisho wake unateremka kwenda kwenye Mto Kagera. Inapitisha malori yanayokwenda Rwanda, na mengine hukata kwenda Kabanga na kuingia Burundi. Humo humo wanapita wakulima na mikungu ya ndizi, magunia ya maharage na kahawa, na magari madogo ya abiria tunayoyaita michomoko, yakiwa yamejaa.

Kwenye mteremko wa namna hiyo, gia ni sehemu ya breki. Gari likiwa gia ndogo, injini inalishikilia lisikimbie, na breki za miguuni zinabaki na nguvu kwa ajili ya kona na dharura. Gia ikichomoka katikati ya mteremko, gari linabaki kwenye breki peke yake. Breki ikikandamizwa muda mrefu inapata moto, na breki iliyopata moto inapungua nguvu. Kwa hiyo gia inayochomoka isichukuliwe kama kero ya kawaida ya gari chakavu. Ni hatari inayosubiri mlima.

Njia ya gia, kutoka mkononi hadi giaboksi

Juu, karibu na dereva, kuna mkono wa gia. Chini, kwenye giaboksi, kuna kikono kidogo cha chuma (kwenye magari mengine viwili) kinachoingia ndani na kusukuma gia. Kati ya hivyo viwili ndipo kuna viungo vinavyobeba mwendo wa mkono wako.

Dereva anapobadilisha gia anafanya mambo mawili. Kwanza anachagua mstari: kushoto kwa gia ya kwanza na ya pili, katikati kwa ya tatu na ya nne, kulia kwa ya tano. Rivasi hutegemea aina ya gari. Halafu anasukuma mbele au kurudisha nyuma ili gia iingie. Viungo lazima vipeleke miendo yote miwili bila kupunguza kitu. Mkono ukisogea kiasi chake chote lakini kikono cha giaboksi kikasogea robo tatu tu, gia inaingia nusu. Gia iliyoingia nusu ndiyo inayochomoka.

Magari hutofautiana katika viungo hivyo:

- Kuna magari ambayo mkono wa gia umekaa moja kwa moja juu ya giaboksi, kama Land Rover za zamani. Hapa hakuna njia ndefu ya kurekebisha. Mkono ukicheza sana, angalia bushi iliyo chini yake.

- Kuna magari yenye fimbo za chuma zilizounganishwa kwa viungo vya mpira, plastiki au chuma. Malori mengi ya zamani ambayo kebini imekaa juu ya injini yana mfumo huu. Kwa kuwa kebini inainuliwa kwenda mbele, fimbo zina viungo vya kukunjika, na kila kiungo ni mahali pa kulika.

- Kuna magari yenye nyaya mbili nene, kama Corolla nyingi za gia za mkono. Waya mmoja unachagua mstari, mwingine unasukuma gia ndani. Hiace zenye mkono wa gia kwenye dashibodi nazo hutumia nyaya, kwa sababu dereva amekaa mbali na giaboksi.

- Bajaji nyingi zina gia kwenye mshiko wa kushoto wa usukani. Unauzungusha, na nyaya mbili zinavuta: mmoja wa kupanda gia, mwingine wa kushuka.

- Pikipiki nyingi za bodaboda zina pedali iliyokaa moja kwa moja kwenye shafti yenye meno. Baadhi zina fimbo fupi katikati, yenye nati kila upande.

Tatizo hili halichagui gari la bei nafuu. Porsche 911, gari la michezo la Ujerumani lililoshika nafasi ya pili katika Safari Rally ya Kenya mwaka 1978, lina injini nyuma na dereva mbele. Kwenye 911 za zamani, mkono wa gia unafika kwenye giaboksi kwa fimbo ndefu inayopita chini katikati ya gari, na karibu na viti vya nyuma kuna kiungo chenye bolti. Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo wazee wengi wanaikumbuka, imeundwa kwa mtindo huo huo. Kiungo hicho kikilegea au bushi zake zikiisha, gari lile la mashindano linakataa gia kama lori la magunia. Na dawa yake inafuata kanuni ile ile tutakayoieleza hapa.

Kwanza tenga: ni klachi, ni viungo, au ni giaboksi?

Usirekebishe kitu kabla hujajua mgonjwa ni nani. Kuna vipimo vitatu ambavyo havihitaji hata spana.

Kipimo cha kwanza. Egesha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, zima injini. Ingiza gia zote moja moja. Kisha washa injini, kanyaga klachi mpaka mwisho, ujaribu tena. Kama gia ziliingia vizuri injini ikiwa imezimwa lakini zinakataa au zinakwaruza ikiwa inawaka, shuku klachi kwanza. Huenda waya wa klachi umelegea, au kwenye klachi ya mafuta, mafuta yamepungua au upepo umeingia. Ukirekebisha viungo vya gia hapo, utakuwa umemtibu asiyeumwa.

Kipimo cha pili. Injini ikiwa imezimwa na bado gia zinakataa, mwombe mtu mmoja achezeshe mkono wa gia taratibu huku wewe unaangalia kikono cha giaboksi. Kwenye magari mengi yenye injini mbele utakiona ukifungua boneti na kumulika kwa tochi. Mkono unasogea, lakini kikono kinachelewa au kinasogea kidogo? Basi mwendo unapotea njiani. Fuatilia kiungo kimoja baada ya kingine mpaka uone pale panapocheza.

Kipimo cha tatu. Chomoa kiungo kwenye kikono cha giaboksi, kisha sogeza kikono chenyewe kwa mkono. Kama giaboksi ni nzima, utasikia gia zikiingia na kukaa, kwa mlio mfupi wa "tak". Zikiingia vizuri hapo, tatizo liko kwenye viungo. Kikono kikigoma, au kikiingia bila kushika, hapo ndipo giaboksi inapostahili kushukiwa.

Usisahau pia mauntini za injini na giaboksi, yale mapira yanayoishikilia injini. Yakikatika, injini inainuka unapokanyaga mafuta na kuinama unapoachia. Giaboksi inasogea nayo, inavuta viungo, na gia inachomoka. Unaweza kurekebisha nyaya siku nzima bila kupona, kumbe ugonjwa ni mpira wa mauntini.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Gari liwe mahali tambarare na pagumu, siyo kwenye udongo uliolowa. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tumia stendi za chuma au shimo la gereji. Lori lenye kebini ya kuinuliwa, hakikisha nguzo yake ya kuzuia imejifunga kabla hujaweka kichwa chini. Subiri ekzosi ipoe. Na kwa kuwa utaweka gari fri wakati wa kazi, hendibreki na mawe ndivyo vitakavyolizuia lisiondoke.

Kanuni moja: pande zote mbili ziwe fri

Marekebisho yote ya viungo vya gia yanasimama juu ya wazo moja. Giaboksi iwe nyutro, yaani fri, na mkono wa gia nao uwe fri, umesimama katikati yake halisi. Kisha viungo vifungwe hivyo hivyo, bila kuvuta upande wowote. Pande mbili zikianzia mahali pamoja, zitafika pamoja.

Hatua zake ni hizi:

1. Safisha kwanza. Vumbi letu jekundu la kiangazi na tope la masika huganda kwenye viungo. Futa kwa kitambaa na brashi. Nyufa na bushi zilizolika utaziona baada ya kusafisha, si kabla.

2. Badilisha kilicholika. Shika kila kiungo ukitikise. Bushi ikicheza, weka mpya. Kurekebisha juu ya bushi iliyoisha ni kazi ya siku mbili: leo inakubali, kesho kutwa inarudi pale pale.

3. Weka alama. Kwa rangi au kwa kukwaruza kidogo, onyesha mahali nati na fimbo zilipokuwa. Ukikosea, utaweza kurudi ulikoanzia.

4. Legeza kiungo cha kurekebishia. Kwenye fimbo, kwa kawaida ni bolti inayobana vipande viwili, au ncha yenye nyuzi na nati ya kufungia. Angalia vizuri: fimbo nyingine zina upande mmoja unaofunguka kinyume na kawaida, kwa hiyo usilazimishe.

5. Hakikisha giaboksi iko fri. Sogeza kikono chake kwa mkono ukikisikia kinapotulia katikati. Kwa uhakika zaidi, mtu asukume gari kidogo, huku mwingine akiwa tayari kwenye breki. Liende bila kushikwa na injini, kisha lizuiwe tena kwa mawe.

6. Simamisha mkono wa gia katikati. Usiupime kwa macho tu. Usukume kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, uone katikati iko wapi. Fanya hivyo pia mbele na nyuma. Magari mengine yana tundu la kupitisha pini ya kuushikilia wakati wa kazi.

7. Funga bila kuvuta. Ncha ya fimbo au waya iingie mahali pake yenyewe. Kama unalazimika kuisukuma ili iingie, urefu bado si sahihi. Zungusha kidogo kidogo mpaka ikae, halafu kaza nati ya kufungia.

Kwa gari la nyaya mbili, rekebisha waya mmoja kwanza, kisha wa pili. Ukilegeza zote kwa pamoja, hutajua ipi iliyokuvurugia. Na elewa kwamba nyaya za magari mengine zimetengenezwa kwa urefu wake na hazina nati ya kurekebishia. Hizo zikivutika au bushi zake zikiisha, dawa ni kubadilisha, siyo kukunja vyuma.

Kwa bajaji, weka mshiko kwenye fri na giaboksi fri, kisha rekebisha nyaya zote mbili ziwe na mlegeo mdogo unaolingana. Waya mmoja ukikaza kuliko mwenzake, gia moja itaingia vizuri na nyingine itapotea. Kwa pikipiki yenye pedali ya meno, angalia kwanza kama meno hayajalika na bolti yake imekazwa. Pedali inayozunguka peke yake juu ya shafti haitaingiza gia hata ukiipiga teke.

Jaribu kabla ya kupanda mlima

Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote, pamoja na rivasi, mara kadhaa. Angalia kama mkono haugongi plastiki inayouzunguka kabla gia haijaingia mpaka mwisho. Kama ya kwanza na ya tatu zinaingia vizuri lakini ya pili na ya nne zinaingia kwa shida, viungo bado vimeegemea upande mmoja. Rudi kwenye hatua ya sita na ya saba.

Kisha washa injini ujaribu gari likiwa limesimama, na baada ya hapo barabara tambarare kwa mwendo mdogo. Kanyaga mafuta, achia, kanyaga tena. Gia iliyoingia nusu huchomoka wakati huo. Ikikaa, jaribu mteremko mfupi usio na watu. Mzigo na abiria vije mwisho.

Ikiwa viungo ni vizuri, mauntini ni nzima, klachi inafanya kazi na bado gia ile ile inachomoka, sasa giaboksi ina kesi ya kujibu. Ifunguliwe.

Mambo ya kuepuka

Usifunge kiungo kwa mpira wa tyubu au kipande cha waya wa kawaida ukadhani umetengeneza. Hiyo ni ya kukufikisha gereji iliyo karibu, kwa mwendo mdogo na bila abiria. Wapo wanaoendesha hivyo miezi mingi, na siku mpira unapokatika hawachagui iwe tambarare au mteremkoni.

Usikunje fimbo ili "ifike". Usipake grisi nyingi kwenye viungo vilivyo wazi, kwa sababu inashika vumbi na kugeuka msasa. Kidogo inatosha, na ya ziada ifutwe. Na usiendelee kulazimisha gia inayolia: kila mlio wa kusaga ni meno yanayopungua, na kosa la bushi ndogo linageuka kuwa kosa la giaboksi nzima.

Gia ikichomoka ukiwa mteremkoni

Usizime injini. Injini ikizimwa, msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache, usukani wa pawa unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

Kanyaga breki kwa nguvu mapema, kabla mwendo haujaongezeka. Ukishapunguza mwendo, kanyaga klachi na uingize gia inayolingana na mwendo ulio nao, siyo ya kwanza kwa hofu. Ikiingia, shikilia mkono wa gia na utafute mahali pa kusimama. Ikikataa, usihangaike nayo ukasahau barabara. Endelea na breki, washa taa za hatari, piga honi, na ongezea hendibreki taratibu. Sogea upande wa mlima, siyo upande wa korongo.

Na ile tabia ya kushuka mlima kwa fri ili "kuokoa mafuta" iachwe kabisa. Kwenye magari mengi ya sasa yenye injini inayoongozwa kwa kompyuta, ukishuka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, mafuta hukatwa yenyewe. Kwa hiyo fri haikuokolei kitu, na inakunyang'anya breki ya injini.

Muulize fundi maswali haya

Umejaribu gia injini ikiwa imezimwa? Umesogeza kikono cha giaboksi kwa mkono? Umetazama bushi, nyaya na mauntini? Nionyeshe panapocheza.

Fundi mzuri hatakasirika. Atakuita uone mwenyewe, na pengine bushi moja itamaliza kazi. Na ikiwa ni giaboksi kweli, utalipa ukijua unacholipia, na abiria wako watashuka Rusumo au Kabanga wakiwa salama.